Jiwe la kunoa limeisha kiasi gani? Tupime, tusiangalie tu

Bandugu, wenye kufanya na vyama vya wakulima munajua lile jiwe la duara lenye kuzungushwa na motere, lenye tunanolea majembe, mapanga na shoka. Mutu akiulizwa kama limeisha, anaangalia tu na macho. Macho haitoshi.

Kwanza tuzime motere, tutoe waya kwenye umeme, tungoje jiwe lisimame kabisa. Halafu tupime kipenyo mara mbili tatu, kila mara upande mwingine, juu jiwe haliishi sawasawa. Tuandike tarehe na kipimo.

Hapa njo wengi tunapotea: milimita 10 za leo si sawa na milimita 10 za kesho. Tuchukue jiwe la kipenyo mm 200, unene mm 25. Kutoka 200 mpaka 190, limepoteza karibu sentimita 77 za ujazo. Kutoka 150 mpaka 140, ni 57 tu. Hesabu ni hii: kipenyo cha zamani mara chenyewe, toa kipenyo kipya mara chenyewe, zidisha na 0,785, kisha zidisha na unene.

Tupime pia vyombo vyote kwenye mizani, mbele ya kunoa na nyuma. Gramu 7,85 za chuma cha pua ni sentimita moja ya ujazo. Kama vimepoteza gramu 785, ni sentimita 100. Gawa 100 kwa 77: karibu 1,3. Kwa kazi ileile, jiwe lenye namba kubwa njo linadumu. La bei ndogo linaweza kutukulia feza mingi.

Jiwe likipungua, motere inazunguka vilevile, lakini ukingo unakimbia polepole. Kwa mizunguko 2950 kwa dakika, jiwe la mm 200 linapita mita 31 kwa sekunde. La mm 150, mita 23. Linakuwa sawa vile limelainika, linaisha mbio zaidi.

Na kuko jambo la usalama. Kile chuma cha kuegemeza kazi kisiache nafasi ya kupita mm 3 mbele ya jiwe. Kipenyo kikipungua mm 10, ukingo umerudi nyuma mm 5: nafasi ya 3 imekuwa 8. Panga inaweza kunaswa pale, jiwe likapasuka na kumrukia mutu usoni. Basi kila siku ya kupima, tusogeze na kile chuma.