Vitabu vya Kupumzisha Akili

Wanafunzi wengi wakisikia neno riwaya hufikiri mara moja juu ya mtihani. Huwaza dhamira, wahusika, mandhari, na swali la kueleza hoja tatu kwa kila kitabu. Jambo hilo si baya, maana riwaya kama Takadini ya Ben Hanson na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo zina mafunzo mema, na watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne wamezisoma. Lakini mtu anayesoma kila kitabu kama anayefanya mtihani, mwisho huchoka na kusoma kwenyewe. Siku akimaliza shule hufunga kitabu, na huenda asikifungue kingine mpaka uzeeni. Kwa hiyo nataka kueleza habari za vitabu vya namna nyingine, yaani vile vyepesi, vya kuchekesha, na vya kusomwa upesi, ambavyo mtu huvisoma kwa kupumzika tu.

Najua wazazi wengine watasema, "Mwalimu, sisi tumeuza pamba ili tumnunulie mtoto sare na madaftari asome Hisabati, nawe wataka akae kucheka?" Wazee wangu, ninyi ndio mtakaonielewa kuliko wengine. Maksai hufungwa nira alfajiri, na jua likianza kuwaka hufunguliwa, wakala majani, wakanywa maji. Mkulima asiyewafungua ng'ombe wake halimi ekari nyingi zaidi. Huishia kuwa na ng'ombe waliolala chini katikati ya shamba. Akili ya mtoto nayo ni vivyo hivyo. Hufanya kazi, kisha hutaka kufunguliwa nira, na kitabu chepesi ni malisho yake.

Tena malisho hayo hutia nguvu. Hapa kwetu Simiyu, kuanzia Bariadi, Itilima na Maswa hata Meatu na Busega, watoto wengi huanza kusema Kisukuma nyumbani. Kiswahili hukizoea zaidi wakiingia shule ya msingi, na wakifika Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Hapo mtoto amekwisha kubeba lugha tatu, na aghalabu husoma polepole, neno kwa neno, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Katika chumba cha mtihani mwendo huo humwumiza, kwa kuwa saa hazimngojei. Sasa, kitabu cha kuchekesha kina jambo moja ambalo kitabu cha Fizikia hakina: humvuta msomaji. Hutaka kujua mbele kuna nini, na kwa kutaka kujua huongeza mwendo bila ya kuamriwa. Akimaliza vitabu vitano vya namna hiyo, macho yake yamezoea kupita mistari, wala hakuona kama ni kazi.

Basi mtu aanze na kitabu gani? Kwa wale wa Kidato cha Kwanza, mimi nasema waanze na Hekaya za Abunuwasi. Ni visa vifupi vifupi, na kila kimoja chaweza kumalizika kabla ya kengele kulia. Alikuwako kweli mshairi aliyeitwa Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita; lakini Abunuwasi wa hekaya zetu ni mjanja aliyekuzwa na watu waliosimuliana habari zake. Kisa kimoja kijulikanacho sana ni kile cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akisema kwamba ile kubwa ilizaa. Jirani akafurahi, akapokea zote mbili. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, asirudishe kitu, na alipoulizwa akajibu kuwa sufuria imekufa. Jirani alipokasirika aliulizwa: kama ulikubali kwamba sufuria huzaa, kwa nini hukubali kwamba hufa? Tazameni jinsi kicheko hiki kinavyofanya kazi. Huwezi kucheka mpaka umetambua kwamba tamaa ya yule jirani ndiyo iliyomfunga kinywa. Kwa hiyo anayecheka amekwisha kufikiri.

Kitabu cha pili ni Kurwa na Doto cha Muhammad Saleh Farsy, kilichotoka mwaka 1960. Ni hadithi fupi ya ndugu pacha wa kijiji cha Unguja, sura zao moja na tabia zao mbali mbali. Watoto wa bara watapata humo desturi za pwani, na Kiswahili kilichonyoka. Wapendao maajabu watafute kitabu cha Mwingereza Lewis Carroll, ambacho ndani yake msichana amfuata sungura mwenye saa mpaka shimoni. Kilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya iitwayo Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kwetu sisi tuliokua na hadithi za Sungura mjanja, yule sungura wa Kiingereza mwenye wasiwasi wa kuchelewa ni kichekesho tosha.

Wakiisha kuzoea, waingie katika vitabu vya Bwana Msa. Mwandishi wake ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Angalieni herufi za mwanzo za majina yake matatu, mtaona jina la Bwana Msa lilikotoka. Kwanza alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mwandishi wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 mpaka 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, na Siri ya Sifuri mwaka 1974.

Bwana Msa ni mtu wa kiko mdomoni, mwenye maneno ya mzaha, na rafiki yake Najum huwa pamoja naye. Lakini chini ya mzaha huo pana jambo kubwa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale mtu mwenye mali auawa, na watu wasema ni kazi ya mzimu. Bwana Msa habishani nao kwa makelele. Yeye huuliza: nani alikuwa wapi, nani ana faida, kitu gani kimeonekana kwa macho? Mwisho hujulikana kwamba muuaji ni binadamu kama sisi.

Naomba tusilipite jambo hili upesi. Katika nchi yetu hii ya Usukuma wameuawa watu, hasa bibi wazee, kwa kudhaniwa wachawi. Wengine macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika, na wekundu huo ukafanywa ushahidi. Mafunzo juu ya haya yametolewa mikutanoni, nayo ni mema. Lakini mtoto aliyemfuata Bwana Msa kurasa mia kwa furaha yake mwenyewe, amejifunza desturi ya kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Hakufundishwa kwa kukemewa, aliipata pamoja na kicheko. Kwa hiyo mtu asidharau kitabu kwa sababu ni chepesi.

Wapo wapendao mambo ya mbio. Kwao iko Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Iko Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ambayo ndani yake tunakutana na mpelelezi Willy Gamba. Iko pia Dimbwi la Damu ya Ben Mtobwa, aliyeishi kutoka mwaka 1958 hadi 2008, na ambaye shujaa wake Joram Kiango anapendwa na wengi. Wataalamu huziita riwaya pendwa. Hizi za Musiba na Mtobwa zina bastola, ulevi na mambo ya watu wazima, hivyo nazipendekeza kwa Kidato cha Tano na cha Sita, si kwa wadogo.

Kwa Kiingereza, Richard Mabala ametuandikia vitabu viwili vyepesi, Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver, na wa Kidato cha Kwanza au cha Pili aweza kuvimaliza bila taabu. Wakubwa wajaribu Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome, cha mwaka 1889. Ni habari za vijana watatu na mbwa wao safarini katika mto Thames, na namna walivyopigana na kopo la mananasi baada ya kusahau kifungulio. Kichekesho hiki kina zaidi ya miaka mia moja, na bado hakijachacha.

Sasa neno la namna ya kusoma. Kwanza, usikimbilie kamusi kwa kila neno gumu. Endelea, mara nyingi maana itajitokeza mbele. Maneno mawili matatu yanayokusumbua yaandike katika daftari dogo, uyatazame baadaye. Pili, jiwekee kurasa 10 kila siku baada ya kumaliza kazi za darasa. Kitabu cha kurasa 120 kitakwisha kwa siku 12. Tatu, kitabu kisipokupendeza baada ya kurasa 30, kirudishe uchukue kingine. Hiki si kitabu cha mtihani, na hapana atakayekuuliza. Nne, usikisome chini ya dawati wakati wa somo, kwa maana hapo hupumziki, waiba. Tano, soma kwa sauti kwa ajili ya wengine. Wakati wa likizo, jioni kwenye shikome, chukua kisa kimoja cha Abunuwasi uwasomee wadogo zako, na bibi asiyejua Kiswahili mfasirie kwa Kisukuma. Ukiweza kumchekesha bibi kwa lugha yake kutoka kitabu cha lugha nyingine, jua kwamba umezielewa lugha zote mbili.

Vitabu hivi si mwisho wa kusoma. Iko kazi kubwa ya jirani zetu wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, iliyoandikwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni nene, yataka pumzi. Lakini anayetaka kuinua gunia la pamba huanza na furushi. Basi anzeni na vile vyembamba. Vingine vimo katika kabati la maktaba yetu, na vingine mwaweza kuazimana. Masharti ni mawili tu: kitabu kirudi hakijachanika, nawe urudi ukiwa na kisa cha kutusimulia.