Konokono wa miiba wa Ziwa Tanganyika na ushahidi wa jina

Mvua inyeshayo upande wa kusini na magharibi ya Masumbwe, kuelekea pori la Kigosi, haiendi Ziwa Victoria, ingawa ziwa hilo ndilo lililo karibu zaidi. Maji yake hushuka polepole katika mabwawa ya Kigosi na Moyowosi, yakaungana na mto Malagarasi, na mwishowe yakamiminika Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Hivyo familia inayolima upande huo imeunganishwa kwa maji na ziwa ambalo pengine watoto wake hawajapata kuliona. Katika kilindi cha ziwa hilo anaishi konokono mwenye miiba, na habari ya namna alivyopewa jina ina faida kwa kila mzazi, hata aliye mbali na ufukwe.

Kiumbe chenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Tiphobia horei. Kombe lake ni la mviringo, jembamba na jepesi, lenye ukubwa wa kadiri ya sentimita 3 au 4. Mabegani mwa mizunguko yake imechomoza miiba mirefu iliyopinda, na mtu anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ameokotwa katika miamba ya Bahari ya Hindi. Makazi yake ni tope laini la chini ya ziwa, mbali na mawe ya pwani.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina duniani. Hata hivyo, hewa ya oksijeni haifiki hadi chini. Upande wa kaskazini hukoma kwenye kadiri ya mita 100, na upande wa kusini hupita kidogo mita 200. Chini ya hapo konokono hawezi kuishi. Kwa hiyo eneo la konokono huyu ni ukanda mwembamba wa tope, wenye giza juu yake na maji yasiyo na uhai chini yake. Jike wake hatagi mayai nje. Huyahifadhi ndani ya mwili wake mpaka yawe vitoto vyenye makombe yao wenyewe, ndipo akavitoa.

Safari ya jina

Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji, mji wa misafara uliokuwa na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani na Unyanyembe. Speke aliokota makombe ufukweni akayachukua Uingereza, na mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward akaeleza aina 4 mpya: konokono wawili na kome wawili.

Miaka 20 baada ya Speke, mwaka 1878, alifika Ujiji Edward Coode Hore, nahodha aliyekuwa katika utumishi wa London Missionary Society. Naye alikusanya makombe, yakafikishwa kwa Edgar Albert Smith wa British Museum. Miongoni mwake lilikuwamo lile la miiba. Smith hakuona jamaa yeyote aliyejulikana wa kumweka naye, na mwaka 1880 akalazimika kumwandikia jenasi mpya pamoja na spishi mpya. Neno horei maana yake ni "wa Hore". Nahodha amebaki ndani ya jina, lakini wavuvi wa ziwa hilo hawamo.

Kueleza spishi mpya si kutunga jina likapendeza masikioni. Kwanza mtaalamu hulinganisha kiumbe na wote waliokwisha kuelezwa. Pili, huandika alama zinazomtenga: umbo, vipimo, idadi ya mizunguko ya kombe, meno ya ulimi, na siku hizi vinasaba pia. Tatu, humpa jina la maneno mawili kwa utaratibu wa Kilatini. Nne, huchapisha maelezo hayo hadharani, na kielelezo kimoja huhifadhiwa katika makumbusho ili yeyote mwenye shaka akichunguze.

Msomaji ataona kwamba utaratibu huu unafanana na wa mahakama. Kadhi hapokei dai tupu, hudai shahidi. Kielelezo kile kilichohifadhiwa ni shahidi, na hata miaka 100 ikipita anaweza kuitwa tena aulizwe. Waislamu tunasoma katika Suratul Baqara, aya ya 31, habari ya Nabii Adam (a.s.) kufundishwa majina. Basi haifai tulione jambo la kutaja viumbe kwa uhakika kuwa ni dogo au la watu wengine.

Kufanana si udugu

Umuhimu wa shahidi ulidhihirika punde. Katika miaka ya 1890 mtaalamu wa Uingereza, J. E. S. Moore, alifanya safari za utafiti katika ziwa hilo. Alishangazwa na makombe yake mazito, yenye nakshi na miiba, yasiyofanana na konokono wa kawaida wa maji baridi. Alipoyalinganisha na visukuku vya bahari za kale, alihukumu kwamba Ziwa Tanganyika lilikuwa sehemu ya bahari zamani, na kwamba konokono hawa ni mabaki yake. Mwaka 1903 aliitangaza hoja hiyo katika kitabu alichokiita The Tanganyika Problem.

Hoja ilivutia, lakini haikusimama. Msafara mwingine, ulioongozwa na W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905, ulikusanya ushahidi zaidi, na ushahidi huo haukuiunga mkono dhana ya bahari. Baadaye uchunguzi wa miili na vinasaba ulionyesha kwamba jamaa wa konokono hawa ni wale wa mito na maziwa ya Afrika na Asia. Ziwa lenyewe limekaa muda mrefu mno, mamilioni ya miaka, hata viumbe wake wakabadilika na kufanana na wa baharini. Kaa wa ziwa hilo wana magando yenye nguvu ya kuvunja makombe, na utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba makombe ya konokono wengi wa humo ni mazito kuliko ya jamaa zao wa kwingineko.

Kosa la Moore lilisahihishika kwa sababu vielelezo vilikuwapo na maandishi yalikuwa wazi. Elimu isiyoweza kupingwa kwa ushahidi haiwezi kurekebishwa.

Majaruba ya nyumbani

Mzazi wa Masumbwe anaweza kuuliza: konokono wa kilindini ananihusu nini? Jibu limo katika majaruba na malambo ya jirani.

Kichocho cha mkojo huenezwa kwa msaada wa konokono wadogo wa jenasi ya Bulinus. Vijidudu vya ugonjwa hukua ndani ya konokono, hutoka majini, kisha hupenya ngozi ya binadamu anayeoga, anayefua au anayelima. Lakini si kila Bulinus anayebeba ugonjwa. Huko Unguja watafiti walikuta konokono wawili ambao kwa macho hutenganishwa kwa taabu kubwa: Bulinus globosus na Bulinus nasutus. Vinasaba viliwatenga. Wa kwanza, aliyepatikana upande wa kaskazini, ndiye mwenezaji; wa pili, wa upande wa kusini, hakuwa mwenezaji. Ikaeleweka kwa nini kichocho kilikithiri upande mmoja wa kisiwa na si upande wa pili.

Lakini mtu asichukue habari hiyo ya Unguja akaileta bara bila uangalifu. Nasutus wa Shinyanga na Kanda ya Ziwa ni wa tawi jingine, liitwalo productus, naye hueneza kichocho. Huishi katika madimbwi ya msimu na majaruba ya mpunga, na ukame ukija hujificha katika tope lililokauka mpaka mvua irudi. Mtu akidhani kwamba lambo lililokauka wakati wa kiangazi limesafishika, amejidanganya. Majina mawili yanafanana na neno moja tu la tatu linayatenga, lakini tofauti hiyo ni afya ya mtoto.

Kwa hiyo nyumbani tuyashike haya. Mtoto asikojoe majini wala asiogelee katika madimbwi yenye konokono. Asiwachezee konokono wa majini kwa mikono mitupu. Akionekana na damu katika mkojo apelekwe kituo cha afya mapema, kwani dawa ya praziquantel ipo na inatibu.

Udongo unaoshuka

Konokono wa kilindini naye ana adui, nao ni udongo. Milima ya kando ya ziwa ikikatwa miti, mvua huukokota udongo hadi majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mahali palipofunikwa na mashapo mengi pana aina chache za viumbe kuliko mahali pasafi. Mwaka 2003 nchi 4 zinazopakana na ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulihifadhi.

Upande wetu tumejaaliwa mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo huyachuja maji kabla hayajafika ziwani. Mwaka 2000 yaliandikishwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar. Anayekata miti ovyo kwa mkaa au anayeelekeza maji machafu ya machimbo mtoni analiziba chujio hilo, na dhara litamfikia jirani asiyemjua.

Kazi ya kutoa majina haijamalizika. Katika Ziwa Tanganyika wapo konokono wa jenasi ya Lavigeria ambao wataalamu wamekuwa wakiwatambua kwa herufi tu, wakisubiri maelezo kamili. Mtoto anayeuliza "huyu anaitwaje?" asinyamazishwe. Apewe kalamu, achore kombe, ahesabu mizunguko yake, aandike tarehe na mahali lilipookotwa, kisha aulizie shuleni. Hore aliokota na Smith akaandika. Vijana wetu, insha'Allah, wanaweza kufanya yote mawili.