Mishipa ya Fahamu ya Kiuno na Paja

Leo twapenda kueleza habari za mishipa ya fahamu itokayo kiunoni ikashuka mapajani hata nyayoni. Mishipa hii siyo ile ichukuayo damu. Kazi yake ni kupeleka ubongoni habari za maumivu na joto, na kurudisha amri kwa misuli.

Mkubwa kuliko yote mwilini huitwa siatiki. Mizizi yake ni mitano, nayo hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Mshipa huu, wenye unene wa kidole hivi, hupita nyuma ya nyonga chini ya msuli mdogo uitwao pirifomi, hushuka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika kuwa matawi mawili.

Ndivyo vitabu vichoravyo. Lakini miili ya watu si nyumba zilizojengwa kwa ramani moja. Mwaka 1937 wataalamu wawili wa Marekani, Beaton na Anson, walipanga njia sita ambazo mshipa huu waweza kuzifuata penye msuli ule. Kwa watu wengi hupita chini yake ukiwa mzima. Kwa wengine hugawanyika mapema, tawi moja likapenya katikati ya msuli na la pili likapita chini. Hata mguu wa kuume na wa kushoto wa mtu mmoja huweza kutofautiana. Tofauti hii si ugonjwa, na wengi walio nayo hawaijui maisha yao yote.

Basi, kuna faida gani kuyajua haya? Huko Upanga, penye Muhimbili, mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963. Mwanafunzi wa tiba hana budi kujua kwamba mchoro ni mwongozo tu. Mpasuaji autegemeaye peke yake aweza kukata asichotazamia. Hali kadhalika sindano. Ikipigwa tako la mtu mzima, tako ligawanywe mafungu manne, na sindano iingie fungu la juu upande wa nje, mbali na njia ya siatiki. Mtoto mchanga hupigwa pajani, sehemu ya kati, upande wa mbele kwa nje.

Nanyi wachukuzi wa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wachukuzi wa Vita Kuu ya 1914, mwayajua maumivu yashukayo kutoka kiunoni hata mguuni baada ya kuinua magunia. Mara nyingi chanzo chake ni mzizi wa mshipa uliobanwa penye pingili, na wengi hupona pasipo kupasuliwa. Lakini mguu ukilegea baada ya sindano, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja na mkojo ukakataa kutoka au kuzuilika, msingoje kesho wala msitafute wa kuwakanda. Nendeni hospitali siku ile ile, kwa maana mshipa uliobanwa mno ukichelewa kutibiwa huenda usirudie nguvu zake.