Fontaine: Alifunga 13 kwa daluga za kuazima, akaishia kuuza jezi

KAMA kuna rekodi inayowatoa jasho mastraika wa dunia nzima, ni ya Mfaransa Just Fontaine: mabao 13 katika fainali moja za Kombe la Dunia, tena kwa mechi sita tu. Kylian Mbappé aliibuka mfungaji bora Qatar 2022 kwa mabao nane. Lionel Messi ilimchukua fainali tano kufikisha hayo 13.

Fontaine, mzaliwa wa Marrakech, Morocco, alifanya kazi hiyo Sweden mwaka 1958 akiwa na daluga zisizo zake.

Zake zilikuwa zimechakaa, na zama hizo hakukuwa na mdhamini wa kumletea mchezaji jozi mpya kambini. Mwenzake kikosini, Stéphane Bruey, alivaa saizi ileile na hakuwa akianza, hivyo akamwazima. Paraguay walipigwa tatu na Fontaine peke yake. Mechi ya kusaka mshindi wa tatu, Ujerumani Magharibi wakala nne, Ufaransa ikishinda 6-3.

Mguu wamkatisha

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1960, akiichezea Reims, alivunjika mguu vibaya. Akapambana, akarudi, lakini Januari 1961 ukavunjika tena. Mwaka 1962 akatundika daluga akiwa na miaka 28 tu, umri ambao straika wa leo ndiyo kwanza anadai mkataba mnono.

Mabao 30 katika mechi 21 za timu ya taifa hayalipi kodi ya nyumba. Fontaine akaingia kwenye biashara. Alifungua duka la vifaa vya michezo mjini Toulouse, na baadaye akamiliki maduka ya Lacoste, zile nguo za nembo ya mamba zilizoanzishwa na bingwa wa tenisi, René Lacoste. Yule aliyeazima daluga Sweden sasa akawa anawauzia wengine vifaa.

Mpira nao hakuuacha. Aliipandisha PSG Ligi Kuu mwaka 1974, kisha akaifikisha Morocco nafasi ya tatu Kombe la Mataifa ya Afrika 1980 kule Nigeria. Ila ukocha una kufukuzwa: timu ya taifa ya Ufaransa alikabidhiwa mwaka 1967, akapoteza mechi mbili, kibarua kikaota nyasi. Mwenye duka lake halali njaa siku hiyo.

Awapigania wenzake

Mwaka 1961, akiwa bado anauguza mguu, alishirikiana na Mcameroon Eugène N'Jo Léa kuanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa Ufaransa, UNFP, naye akawa rais wa kwanza. Wakati huo mchezaji alifungwa na klabu yake mpaka afikishe miaka 35. Klabu ikitaka, inamuuza. Yeye akitaka kuondoka, hana njia. Mwaka 1969 utaratibu huo ulivunjwa, ikaja mikataba ya muda maalumu.

Fontaine alifariki Machi 1, 2023, Toulouse, mji uleule wa biashara zake, akiwa na miaka 89. Wachezaji wa Ufaransa wanaosaini mikataba ya miaka mitatu au minne leo wanafaidi alichokipigania. Na wale ambao magoti yameanza kulalamika, wamtazame: alianza maisha mapya akiwa na miaka 28.