Mfupa Unaoimbisha Sitari

Mababu wa mafundi wa Miraj walikuwa Shikalgar, jamii ya wahunzi wa silaha na wanoa panga. Soko la panga lilipokufa, mikono iliyozoea chuma ikahamia kwenye mti na maboga. Tangu katikati ya karne ya 19, fundi Faridsaheb akitajwa kuwa mwanzilishi, mji huu wa kusini mwa jimbo la Maharashtra, India, umekuwa ukitengeneza sitari na tanpura, ala ya nyuzi inayomvumia mwimbaji, kwa mikono, baba akimrithisha mwana. Wengi wa uzao ule sasa wanabeba jina la ukoo Sitarmaker. Bahati yao ni kwamba wanamuziki waliishi karibu nao. Mwimbaji mkubwa Abdul Karim Khan aliweka makao yake Miraj, na alipofariki mwaka 1937 alizikwa hukohuko. Fundi aliye jirani na sikio la namna hiyo hawezi kulala kazini.

Tumbo la ala ni boga kubwa lenye ganda gumu, linalolimwa zaidi upande wa Pandharpur. Likishakauka na kufika karakana, hulowekwa majini mpaka lilainike, hukatwa mdomo, hukwanguliwa mbegu na nyama, kisha hupigiliwa vijiti ndani ili likikauka upya lisinywee. Boga halina kipimo cha kuagiza. Fundi hulipokea lilivyoota, kisha mti ndio unaochongwa kulifuata: kubwa kwa tanpura ya mwimbaji wa kiume, dogo kwa sauti ya kike iliyo juu. Shingo na uso wa mbele hutokana na mti wa tun, wa jamii moja na mkangazi, au msaji. Uso huo, yaani tabli, ukiachwa mnene sauti huwa butu. Ukikwanguliwa mno, mkazo wa nyuzi utaudidimiza baada ya miaka michache.

Yote haya ni kazi ngumu, na fundi hodari huonekana hapo. Lakini mwanamuziki anayeishi kwa sitari yake anapomsifu fundi, mara nyingi anausifu mkono wake kwenye jawari.

Jawari ni umbo la uso wa daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tabli. Daraja la fidla ni jembamba, uzi hulikanyaga mahali pamoja tu. La sitari ni bapa na pana, na uso wake una mteremko mdogo mno, ambao jicho haliuoni mpaka uweke rula na kuangalia mwanga unaopenya chini yake. Uzi ukipigwa huwa unaugusa na kuuachia mteremko huo mamia ya mara kwa sekunde. Urefu unaotetemeka hubadilika kidogo kila mara, na nguvu ya sauti huhamia kwenye noti za juu zilizojificha ndani ya noti moja. Ndipo unapotoka ule mvumo mrefu, wenye chenga za mng'ao, ambao msikilizaji yeyote huutambua hata asipojua jina la ala.

Mwanafizikia C. V. Raman alilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1921. Kanuni iliyokuwa ikiaminika ilisema kwamba ukiupiga uzi mahali ambapo noti fulani ya juu ina kituo chake cha utulivu, noti hiyo haitasikika. Kwenye tanpura na vina, ala nyingine ya nyuzi ya India, Raman aliisikia waziwazi. Chanzo kilikuwa daraja.

Kwenye tanpura mpigaji ana msaada: hupitisha kijiuzi cha pamba au hariri kati ya waya na daraja, na kukisogeza taratibu mpaka sauti ifunguke. Sitari haina kijiuzi. Fundi hupiga tupa mara mbili tatu, hupitisha msasa laini, hurudisha nyuzi, husikiliza, hulegeza tena. Kila uzi una mahali pake kwenye mfupa wa daraja, na unene wa kila uzi unadai mteremko wake. Zaidi ya hapo, mpigaji huuvuta uzi pembeni ili noti ipande kwa kuteleza, hivyo sauti lazima isibadilike tabia uzi unapohama juu ya daraja. Ukipitiliza kukwangua, huwezi kuurudisha mfupa. Unaanza na daraja jipya.

Fundi lazima amjue anayemtengenezea. Mpiga sitari Ravi Shankar alitaka jawari iliyo wazi, yenye mng'ao mwingi, na nyuzi za besi chini. Mpiga sitari mwenzake, Vilayat Khan, alitaka sitari iimbe kama koo la mtu: akaziondoa besi, akataka jawari iliyofungwa zaidi, yenye noti ya duara na isiyo na makwaruzo, na ala iliyoimarishwa ili istahimili uvutaji mkali. Mafundi wa leo bado huuliza kwanza: unapiga mtindo wa nani?

Zamani madaraja yalitokana na pembe za paa au za ndovu. India ilipiga marufuku biashara ya pembe za ndovu wake mwaka 1986, na mwaka 1991 ikafunga mlango hata kwa zile za Afrika. Ndivyo ilivyokatika safari ya mizigo ambayo karne ya 19 iliondoka Zanzibar kwa shehena kubwa kwenda Bombay, na mimi naona marufuku hiyo ilichelewa. Sasa hutumika mfupa wa ngamia, mpingo au plastiki ngumu. Wapo wanaoapa kwamba plastiki haina uhai. Nimeisikia ikilia vizuri sana chini ya mkono wa fundi mzuri, na mfupa ukilia vibaya chini ya mkono wa haraka.

Nyuzi za chuma huchimba vijifereji darajani, na kwa anayefanya mazoezi saa nyingi kila siku, jawari huharibika baada ya miezi tu. Mwenye sitari hurudi kwa fundi na ala yake, hukaa sakafuni mbele yake na kupiga mwenyewe, kwa sababu uzito wa kidole chake ni sehemu ya kipimo, wakati fundi anasikiliza ni uzi upi umefumba.