Stima ya Ofisi Kwenye Mita ya Nyumbani

Katika bedsita nyingi za Ruiru, ofisi ni meza ya plastiki kando ya kitanda. Laptopu iko chaji tangu asubuhi, ruta ya waifai inawaka, na mwenye chumba anaongea na mteja kwa sauti ya chini mtoto asiamke. Juu ya mlango, mita ya tokeni inahesabu.

Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ya Kenya iliwahimiza waajiri kuwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Kabla ya hapo, kodi ya ofisi, stima na intaneti vilikuwa mzigo wa kampuni. Mtu wa Thika au Ruiru aligharamia nauli tu na kuvumilia foleni ya Thika Road. Kampuni nyingine zilipunguza ofisi za Nairobi, lakini meza, stima na intaneti bado vinahitajika, na sasa vinalipiwa huku nyumbani.

Waajiri husema: si unaokoa nauli? Ni kweli, na kwa anayetoka Makongeni ya Thika hizo si pesa kidogo. Ila nauli hiyo ilitoka mfukoni mwa mfanyakazi. Mwajiri hawezi kuihesabu kuwa mchango wake.

Wengine hutaja marupurupu ya nyumba. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, kazini au karibu na kazini, au amlipe pesa za kuyapanga. Ukikisoma polepole utaona kinachukulia kwamba nyumba na kazi ni mahali pawili. Pesa hizo ni za kulala na kulea watoto. Ukiigeuza nusu ya chumba kuwa ofisi, marupurupu yaleyale yamebebeshwa kazi ya pili.

Stima ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina madaraja matatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Chukua mtu anayeishi peke yake, anapika kwa gesi, anatumia uniti 22. Laptopu na skrini vya wati 60, saa 9 kwa siku, siku 22, vinakula takribani uniti 12. Anafika 34. Wastani wake wa miezi mitatu ukivuka 30, hata stima ya taa na redio inapanda bei. Hasara yake basi inazidi zile uniti 12, na hii ndiyo sehemu ambayo sijasikia mwajiri akiitaja.

Mwaka 2019 Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi ilikubali kwamba mwajiri asiyempa mfanyakazi mahali pa kufanyia kazi achangie kodi ya nyumba yake. Kipimo hicho naona ni cha haki, hata hapa. Mwenye meza yake Nairobi aliyeomba mwenyewe kubaki Thika anaweza kubeba sehemu ya gharama. Asiye na meza popote isipokuwa kwake, arudishiwe zote.

Kiasi chenyewe si kigumu kupata. Soma mita Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni katika wiki ya kazi, kisha fanya vivyo hivyo ukiwa likizo nyumbani. Tofauti iandike, weka na risiti ya bando, upeleke kwa mwajiri kabla ya mkataba kusainiwa upya.