Motokaa Iliyoingia Maji Mitole, na Jinsi Tulivyoikausha

Wanachama wengi wametuuliza, tangu turudi kutoka bara, kama ile pikapu yetu ya ubia imepona au imekufa. Imepona. Lakini ilikaribia sana kufa, na waliotaka kuiua hawakuwa maji, bali ni sisi wenyewe kwa haraka zetu. Kwa kuwa wengi wenu siku hizi mnazo gari za kuchukulia karafuu na makonyo, na masika hayaulizi gari ni ya nani, tumeonelea tuieleze khabari hii kwa urefu.

Tulikuwa watu watano tulioinunua Dar es Salaam kwa fedha ya msimu mmoja wa karafuu, fedha ambayo kila mtu alikuwa ameshaipangia kazi nyingine nyumbani kwake. Kabla hatujaivusha kuja kisiwani, mmoja wetu akapata khabari kuwa mkwewe amefariki huko Mitole, katika Wilaya ya Kilwa. Tukaona ni aibu kuwa na gari bara na tusende kuhani. Basi tukashika njia ya kusini, tukapita Somanga, na Nangurukuru tukaiacha barabara kuu tukaelekea bara. Ilikuwa mwezi wa Aprili.

Watu wa pande zile hawafanyi mchezo na maji. Mwezi wa Januari 2020 mafuriko yaliviingilia vijiji vya Kilwa, watu wakapoteza nyumba na mashamba, na wengine roho zao. Tena mwezi wa Mei 2024, kilipokuja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika hapo Somanga, magari yakalala njiani. Haya yote tuliyajua, na bado tulipofika kwenye korongo moja karibu na mwisho wa safari, tulitazama maji tukaambizana kuwa yanafika magotini tu.

Magoti ya nani, hatukuulizana. Katikati ya korongo dereva wetu alishituka, mguu ukamteleza, injini ikazimika. Maji yakaingia kwa chini ya milango, yakapanda taratibu mpaka tukawa tumekaa ndani yake. Vijana wa hapo, Mungu awalipe, walitufunga kamba wakatuvuta mpaka ng'ambo.

Dereva alikuwa ameshashika ufunguo aiwashe tena, ndipo mzee mmoja akapiga kelele: "Msiiwashe, wanangu! Kwanza mjue imekunywa au haikunywa."

Maneno hayo ndiyo yaliyookoa fedha yetu. Injini huvuta pumzi kama sisi. Hewa ikiingia ndani hukubali kubanwa na pistoni, lakini maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji, hapana kinachotoa njia isipokuwa chuma, na mara nyingi ni ile konrodi ndiyo inayopinda. Tukafungua boksi la chujio la hewa. Chini palikuwa na unyevu, lakini chujio lenyewe lilikuwa kavu. Tukachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyoingia maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Yetu ilikuwa nyeusi kama kawaida. Hata hivyo mzee alitukataza kuwasha siku ile, akatuambia tuondoe waya wa betri ule wa hasi, kwani maji na umeme ndani ya gari ya siku hizi, yenye kompyuta na nyaya zilizopita chini ya kapeti, ni khatari nyingine mbali na ile ya injini. Gari ikasukumwa mpaka uani kwa wafiwa.

Kesho yake palitoka jua zuri. Tukafungua milango yote, tukatoa mazulia ya mpira, tukafuta viti kwa matambara. Jioni kila kitu kikavu ukikigusa, nasi tukafurahi. Shemeji yetu akaja akatazama, hakusema neno, akakandamiza ngumi yake juu ya kapeti chini ya kiti cha dereva. Maji yakachuruzika baina ya vidole.

Hapa tuliona haya, maana wakulima wa karafuu ndio wa mwisho wanaostahili kufanya kosa hili. Nani kati yetu asiyejua kuwa karafuu mbichi ikirundikwa, juu hukauka na chini ikavunda, ikatoka nyeupe yenye mikunjo na bei ikaanguka? Chini ya kapeti ya gari mna tabaka nene kama godoro la pamba. Tabaka hilo hunywa maji na halitaki kuyaachia. Ukianika juu tu, umeyafungia maji ndani, na bati lililo chini laanza kula kutu bila ya wewe kuona.

Basi tukaanza upya. Viti vimeshikwa kwa boliti nne nne. Spana moja ilitosha. Mwenye kujaribu kazi hii aangalie nyaya za manjano chini ya kiti, ambazo ni za ile mifuko ya hewa inayofumuka gari inapogonga. Hizo haziguswi ila betri iwe imeondolewa na zimepita dakika kadhaa, wala ufunguo usizungushwe viti vikiwa nje. Tulipoinua kapeti tukaona vizibo vya mpira katika sakafu ya bati. Tukavitoa, na maji ya tope yakamwagika na mchanga wake. Vitundu vilivyo chini ya milango navyo vilikuwa vimezibwa kwa tope. Tukavizibua kwa kijiti.

Kisha tukaosha kila kitu tena kwa maji safi ya kisima. Mtu atashangaa, gari imelowa na sisi twailowesha! Lakini tope likikaukia ndani ya kapeti halitoki, na harufu yake haitoki. Kwa wenzetu wanaovusha gari baharini jambo hili ni kubwa zaidi: maji ya chumvi yakikauka, chumvi hubaki, nayo huvuta unyevu kila siku na kula vichwa vya nyaya. Yaosheni kwa maji matamu, tena na tena, kabla ya kuanika.

Kapeti na lile tabaka lake tulivitundika uani, tukivigeuza asubuhi na adhuhuri kama tunavyogeuza karafuu majamvini. Jioni tukaviingiza ndani, na vioo vya gari tukavifunga, kwani umande wa usiku hurudisha yote yaliyotoka mchana. Siku ya pili mvua ilinyesha tukapoteza nusu ya kazi. Mmoja wetu akatoa rai tuweke jiko la mkaa ndani ya gari na kufunga milango. Tukamkataza kabisa. Moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu, na plastiki za gari haziwezi joto lile.

Ukungu haungoji, baada ya siku moja au mbili huanza. Tulifuta kwa siki kila pahala palipokuwa na madoa, na mikanda ya viti tukaivuta yote mpaka mwisho tukaiosha kwa sabuni, kwa sababu sehemu iliyojikunja ndani ndiyo iliyonuka kuliko zote. Mwenzetu mwingine alikuwa na karafuu za zawadi, akazimwaga ndani ya gari ati zitaondoa harufu. Twasikitika kusema, sisi wenye karafuu, kwamba gari ilinuka karafuu na uvundo kwa pamoja.

Namna ya kujua kama pamekauka ni nyepesi. Tulilaza karatasi za gazeti chini ya lile tabaka, tukaweka jiwe juu, tukaziacha usiku kucha. Siku ya nne na ya tano asubuhi karatasi zilikuwa na unyevu. Siku ya sita zilitoka kavu, tukarudisha viti, tukafunga betri, na gari ikawaka kwa mara ya kwanza. Tukaendesha pole pole mpaka Kilwa Masoko, tukikanyaga breki mara kwa mara ili zikauke. Fundi wa huko alifungua difu, na oili iliyotoka ilikuwa ile ya rangi ya chai ya maziwa. Kama tungalikwenda nayo mpaka Dar es Salaam, tungalilipa khasara nyingine. Akabadilisha oili ya difu na ya giaboksi, na ya injini pia kwa hadhari.

Sponji la kiti cha nyuma halikukauka kamwe. Tulilitupa, tukanunua godoro tukalikata kwa kisu likakaa pahala pake. Halikukaa sawa, anayekaa upande wa kushoto huinama kidogo, na tumekubaliana kuwa pahala hapo ni pa dereva yule wa korongoni anapokuwa abiria.